Wagusii na Milima Yao ya Mvua

Ukitoka Kisumu asubuhi kwenda Kisii, msomaji, utapita kwanza nchi tambarare ya Kano, penye jua kali na mashamba ya mpunga. Ukishaivuka Sondu barabara huanza kupanda. Hewa hupoa, migomba husongamana, na kila kilima huficha kingine nyuma yake. Ziwa Viktoria liko kwenye mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Kisii uko kwenye mita 1,700 hivi, na baadhi ya vilele vya Nyamira hupita mita 2,000. Ukifika saa tisa za mchana mnamo mwezi wa Aprili, usishangae kuikuta mbingu imekwisha kuwa nyeusi.

Wenyeji wa nchi hii hawakuwapo tangu mwanzo. Mwanahistoria William Ochieng', katika kitabu chake cha mwaka 1974, aliandika habari za safari zao kwa kuyafuata masimulizi ya wazee. Wagusii walikaa zamani katika nchi ya Kano, nako walisongwa na majirani. Wakapanda kuelekea mashariki hata wakafika Kabianga, karibu na Kericho. Huko, wasema wazee, kila kitu kiliwakatalia: baridi iliunguza mimea, ng'ombe wakafa, watoto wakafa. Kisha wakashuka Trans Mara, wakapambana na maadui, na mwisho wakaingia katika vilima wanavyokaa hata leo.

Yafaa tuitafakari safari hiyo. Watu hawa walijaribu bonde, likawa na taabu zake. Wakajaribu nchi ya baridi, ikawashinda. Vilima vya Kisii viliwapa rutuba na mvua isiyokatika, ambayo kwa mwaka hupita milimita 1,500 katika sehemu nyingi. Lakini mvua hiyo haikuja peke yake.

Sababu ni ziwa na milima kwa pamoja. Mchana jua hupasha nchi kavu moto upesi kuliko maji. Hewa ya nchi kavu hupanda, na upepo wenye unyevu kutoka ziwani huja kushika nafasi yake. Upepo huo ukifika Kisii hukuta ukuta wa vilima, hauna njia ila kupanda. Huko juu hukutana na upepo utokao mashariki, nao husukumana kwenda juu zaidi. Hivyo ndivyo mawingu ya radi yanavyojengeka kila alasiri, marefu kama minara. Usiku mambo hugeuka: upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na wavuvi ndio wapatao dhoruba.

Ndani ya wingu refu matone huganda yakawa mawe ya barafu. Yakianguka juu ya Kano hupita katika hewa ya joto kwa masafa marefu, na mengi huyeyuka kabla ya kufika chini. Juu ya Nyamira safari ni fupi na hewa ni baridi, basi hufika yakiwa mawe. Kwa hiyo mkulima wa bondeni huogopa mafuriko, na yule wa mlimani huogopa mvua ya mawe, ingawa wote wawili hutazama mawingu ya ziwa lile lile. Robo saa yatosha kulichanachana shamba la chai, na mwenyewe akakaa majuma kadhaa bila jani la kuchuma. Huko Kericho, katika miaka ya 1960, wataalamu walijaribu hata kurusha roketi za baruti mawinguni ili kuyaokoa mashamba ya chai. Mawe hayakuacha kuanguka.

Radi ni habari nyingine, tena nzito zaidi. Hapo kale sehemu kubwa ya nchi ilikuwa malisho, na vijana walilinda ng'ombe katika kambi zilizoitwa ebisarate, mpaka serikali ya kikoloni ilipozivunja mwanzoni mwa karne ya 20. Baadaye watu waliongezeka, mashamba yakagawanywa na kugawanywa tena, na nyumba zikapanda hata migongoni mwa vilima, mahali ambapo radi hupenda kupiga. Mikaratusi mirefu ikapandwa kando ya nyumba hizo.

Nasikitika kusema kwamba radi ikiua mtu, wako wanaouliza ni jirani gani aliyeituma. Swali hilo limevunja udugu wa miaka mingi, na wala halimsaidii marehemu. Ingefaa kuuliza nyumba ilijengwa wapi, na kama shule ina kinga-radi, yaani fimbo ya chuma juu ya paa iliyofungwa waya wa kupeleka umeme ardhini. Katika mwezi wa Juni 2011, kule Kiryandongo nchini Uganda, radi iliwaua wanafunzi 18 wa shule ya Runyanya, wakiwa shuleni kwao. Hapakuwa na adui aliyeituma.

Nawe, ukisikia ngurumo ungali njiani kutoka shuleni, usikimbilie chini ya mkaratusi, wala usisimame juu ya kilima kutazama. Ingia katika nyumba imara iliyo karibu, ukae mbali na kuta na mabati, na usitoke mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Mama atakukaripia kwa kuchelewa. Mweleze habari za upepo wa ziwani.