Safu ya Lugha: Barakoa, Lakabu na Utambulisho
Husemwa mara nyingi kuwa mtumiaji wa IRC, mfumo wa soga uliobuniwa na Jarkko Oikarinen nchini Ufini mwaka 1988, "amefichwa utambulisho" anapowekewa barakoa, na usemi huo unapotosha. Barakoa, neno lenye asili ya Kiarabu lililotaja kifuniko cha uso cha wanawake wa Oman na Zanzibar kabla ya kuenea kwa maana ya kitabibu mwaka 2020, hufunika uso bila kumfuta aliyeivaa. Vivyo hivyo, kinachofunikwa katika soga ni jina la kompyuta au anwani ya intaneti, ambayo vinginevyo huonekana na wote baada ya alama ya @ na huweza kudokeza mahali alipo mtu, ilhali lakabu, yaani jina alilojichagulia, hubaki wazi, na wasimamizi wa seva huendelea kuiona anwani halisi. Tena, barakoa ikichelewa hadi mtumiaji ameshaingia chumbani, waliomo wameshaiona anwani yake. Lakabu nayo si utambulisho, kwa kuwa isiposajiliwa huweza kutwaliwa na mwingine. Waandishi wa miongozo waandike "kufunika anwani", na wamweleze msomaji waziwazi ni nani bado anaiona.