Jinsi ya kulipiga picha jicho la mnyama mgonjwa ili daktari alione vyema

Mbwa au paka anapougua jicho, naye daktari wa mifugo yuko mbali, wenye mnyama wengi huanza kwa kumtumia daktari picha kwa simu. Picha iliyo wazi humsaidia kuamua kama mnyama anaweza kusubiri au aletwe siku hiyo hiyo. Picha yenye ukungu huweza kuficha kidonda.

Jambo la kwanza ni mwanga. Zima taa ya kamera. Nyuma ya jicho la mbwa na la paka mna utando unaorudisha mwanga mithili ya kioo. Ndiyo sababu macho yao hung'aa yanapomulikwa usiku. Taa ya kamera huijaza mboni rangi ya kijani au ya manjano, na chamba kilicho juu ya jicho kisionekane. Mpige picha mchana, kando ya dirisha au kivulini, pasipo jua kali.

Pili, futa lenzi ya simu. Mtu mmoja amshike mnyama kichwa taratibu, mwingine apige. Usiisogeze simu karibu mno, kwani picha itapoteza ukali wake. Kaa umbali wa sentimeta 30 hivi, kisha gusa jicho kwenye skrini ili kamera ililenge.

Tatu, anza na uso mzima, ili jicho linalouma lilinganishwe na lile zima. Baadaye piga kila jicho peke yake, kutoka mbele na kutoka ubavuni. Usifute tongo kabla ya picha ya kwanza, maana rangi na wingi wake ni dalili. Wala usilifumbue jicho kwa nguvu. Taja pia siku maradhi yalipoanza na dawa zilizokwisha kutumiwa.

Hata hivyo, picha haimalizi uchunguzi. Shinikizo la ndani ya jicho hupimwa kwa chombo, na kidonda kidogo huweza kuonekana tu baada ya jicho kutiwa rangi maalumu. Kwa hiyo usimtie mnyama matone ya binadamu bila ushauri: yenye steroidi huweza kukizidisha kidonda hata jicho likatoboka.

Jicho lililochomoza nje, lililofumba kwa maumivu, au lililogeuka ghafla kuwa jeupe au la buluu lisingojee picha. Mpeleke mnyama kwa daktari mara moja.