Mto uliochelewa foleni

Kiangazi cha mwaka 1879 kiliwakamata vibaya wakulima wa bonde la St. Vrain, jimbo la Colorado, magharibi mwa Marekani. Mto ulipungua, mazao yakaanza kunyauka, nao wakapanda mlimani kutafuta maji yalikopotelea. Waliyakuta kwenye banio la kampuni ya Left Hand Ditch. Maji yalikuwa yamekingwa na kugeuzwa njia, yakavushwa kilima hadi kwenye kijito cha bonde jirani. Wakulima wakalibomoa banio.

Kampuni ikaenda mahakamani. Utetezi wa wakulima ulikuwa ule ambao angeutoa yeyote aliyekulia kando ya mto: sisi ndio tunaopakana na maji haya, mtu wa bonde jingine anayahamisha kwa haki gani? Mwaka 1882 Mahakama ya Juu ya Colorado iliwaambia kwamba kupakana na mto hakumpi mtu haki yoyote. Haki ni ya aliyetangulia kuyachepusha maji na kuyafanyia kazi, hata kama shamba lake liko ng'ambo ya kilima.

Wahenga wetu walisema atanguliaye kisimani hunywa maji maenge. Colorado ilikwenda mbali zaidi: atanguliaye hunywa hadi akate kiu, ndipo wa pili apokee kata, na wa mwisho akikuta kisima kikavu hana wa kumlalamikia. Foleni hiyo ilipangwa na wachimba dhahabu, wakulima, miji na viwanda. Mto wenyewe haukuwamo. Karibu miaka mia moja ilipita kabla ya wabunge wa jimbo hilo kukubali kuuingiza, na tangu hapo wamekuwa wakibishana juu ya jambo moja: usimame wapi.

Sheria iliyotoka machimboni

Kanuni ya aliyetangulia ilizaliwa machimboni. Dhahabu ilipogunduliwa California mwaka 1848, maelfu ya watu walivamia ardhi ya serikali ambayo hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na hati yake. Wakajiwekea utaratibu kwamba anayetangulia kuweka alama ndiye mwenye shimo, na anayetangulia kuchimba mfereji wa kusafishia mchanga ndiye mwenye maji. Mwaka 1855 Mahakama ya Juu ya California iliukubali utaratibu huo. Dhahabu ya Colorado ilipowaita watu mwaka 1859, walikuja nao.

Sheria ya Uingereza, iliyowapa maji wenye ardhi za kando ya mto, isingefaa huko. Nyanda za mashariki ya Colorado ni kavu, na shamba zuri linaweza kuwa maili nyingi kutoka kwenye kijito. Bila mfereji hakuna kilimo, na hakuna anayetia fedha zake kwenye mfereji ikiwa jirani wa juu anaweza kuja kesho akaukausha.

Hata hivyo, palikuwa na watu waliotangulia wakiwa na desturi nyingine. Kusini mwa jimbo, walowezi wenye asili ya Kihispania kutoka New Mexico walikuwa wamekwisha kuchimba mifereji waliyoiita acequia, neno ambalo Waarabu waliliacha Uhispania. Katika acequia, mvua ikiwa haba kila shamba hupunguziwa. Mfereji wao wa San Luis una tarehe ya 10 Aprili 1852. Jimbo lilipokuja kuandikisha haki za maji, wachimbaji wa mfereji huo wa kugawana walijikuta namba moja kwenye foleni ya watu wasiogawana.

Colorado ilipopata hadhi ya kuwa jimbo mwaka 1876, katiba yake ilitamka mambo mawili. La kwanza, maji ya mito ni mali ya umma. La pili, haki ya kuchepusha maji ambayo hayajachukuliwa na mtu haitanyimwa kamwe. Hilo la pili ndilo lililotawala. Umma ulimiliki maji, lakini aliyeyatoa mtoni ndiye aliyeyatumia, na kila haki ikapewa tarehe.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi kuueleza. Mwenye haki ya mwaka 1865 akiona maji hayafiki kwenye mfereji wake, hutoa wito. Msimamizi wa maji wa jimbo hupanda na mto akifunga malango, akianza na wenye tarehe za karibuni na kurudi nyuma mwaka baada ya mwaka, mpaka yule mkongwe apate kiasi chake chote. Haulizwi kama mwenzake anakunywa maji na yeye anamwagilia majani ya ng'ombe. Kinachoulizwa ni tarehe.

Ndani ya utaratibu huo, maji yaliyobaki mtoni yalihesabiwa kuwa hayana kazi. Ili uwe na haki ilikubidi uyatoe, na asiyetumia haki yake kwa miaka kumi mfululizo alijiweka katika hatari ya kuhesabiwa ameitelekeza. Mkulima aliyekuwa na maji ya ziada alikuwa na sababu ya kufungua lango na sababu ndogo sana ya kulifunga.

Samaki wakosa haki

Mwaka 1937 Bunge la jimbo liliunda vyombo viwili ambavyo vingekutana mara nyingi baadaye. Kimoja ni Bodi ya Uhifadhi wa Maji ya Colorado, ya jimbo zima. Cha pili ni chombo cha umma cha kulinda maji ya upande wa magharibi, ambacho hapa tutakiita Mamlaka ya Mto Colorado. Sababu ya kukiunda ilikuwa hofu. Theluji nyingi huanguka magharibi ya milima ya Rocky, lakini watu wengi wanaishi mashariki yake, kuzunguka Denver. Mwaka huohuo ulipitishwa mradi wa kutoboa mlima kwa handaki la zaidi ya kilomita 20 ili maji ya magharibi yaende mashariki, na tangu 1947 yamekuwa yakienda.

Katika sheria iliyoiunda Mamlaka hiyo, wabunge waliingiza kifungu kidogo: inaweza kushikilia maji ndani ya mto, kwa niaba ya umma, ya kutosha kuhifadhi samaki. Mamlaka ilipojaribu kukitumia, mwaka 1965 Mahakama ya Juu iliizuia. Bila kuchepusha, ilisema mahakama, hakuna haki ya maji. Mwaka 1969 wabunge waliipanga upya sheria yote, wakaligawa jimbo katika kanda saba, kila moja na mahakama yake ya maji, lakini hapo pia kuchepusha kulibaki kuwa mlango pekee wa kuingilia kwenye foleni.

Hali ya hewa ya kisiasa ilikuwa inabadilika. Novemba 1972 wapiga kura wa Colorado waliikataa michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ya 1976, iliyokwisha kutunukiwa Denver, kwa kuhofia gharama na uharibifu wa milima yao. Mwaka uliofuata wabunge walipitisha Muswada wa Seneti namba 97. Sharti la kuchepusha likaondolewa, na Bodi ya Uhifadhi wa Maji ikaruhusiwa kushikilia maji ndani ya mto kwa ajili ya kuhifadhi mazingira asilia kwa kiwango cha kuridhisha.

Kila neno la muswada huo lilipimwa. Bodi ni chombo cha serikali, na haki hiyo imebaki kuwa yake peke yake: mvuvi, mwenye hoteli au chama cha mazingira hawezi kuishikilia. Kiwango ni "cha kuridhisha", hivyo Bodi haidai mto mzima. Muhimu kuliko yote, hakuna mkongwe aliyesogezwa. Mto uliingia kwenye foleni kama mgeni mwingine yeyote, ukapewa tarehe ya siku ulipofika.

Hata hayo yalipingwa. Bodi ilipoomba haki kwenye mto Crystal, aliyekwenda mahakamani kuipinga alikuwa ni Mamlaka ileile ya Mto Colorado iliyowahi kuwaombea samaki. Safari hii ilidai kwamba katiba inazungumzia kuchepusha, kwa hiyo sheria ya 1973 ni batili. Mwaka 1979 Mahakama ya Juu iliamua kwamba katiba inakataza kumnyima mtu anayetaka kuchepusha, lakini haisemi kuchepusha ndiyo njia pekee ya kupata haki. Sheria ikasimama.

Kijana kati ya wazee

Leo Bodi inashikilia haki kwenye vipande vya mito na vijito vyenye urefu wa jumla ya zaidi ya kilomita 15,000. Ni mtandao mkubwa, lakini haki nyingi kati ya hizo zina tarehe za baada ya 1973, kwenye mito ambayo maji yake yaligawanywa tangu karne ya 19. Mwaka wa mvua, mto ungekuwa na maji hata bila haki hiyo. Mwaka wa ukame, wazee hunywa kwanza. Faida yake kubwa ni kuwazuia wanaokuja nyuma: hali iliyokuwapo siku ile haki ilipoandikwa isizidi kuharibika.

Mipaka ya ulinzi huo ilijaribiwa pia kwenye kijito cha Snowmass, karibu na Aspen, ambako maji yanahitajika kutengenezea theluji ya viwanja vya kuteleza. Bodi iliamua yenyewe kudai maji machache kuliko kiasi kilichoandikwa kwenye hukumu yake. Mwaka 1995 Mahakama ya Juu ilisema Bodi ni mdhamini wa umma, haiwezi kuipunguza haki hiyo bila kurudi kwenye mahakama ya maji. Mwaka uliofuata wabunge waliandika utaratibu wa kuipunguza.

Ukame wa 2002 ndio uliowafundisha wengi kwamba tarehe changa haijazi mto. Mwaka 2003 Bunge lilipitisha njia ya mkopo: mwenye haki kongwe anaweza kuuachia mto maji yake kwa muda, bila kuhesabiwa ameitelekeza haki hiyo. Mwaka 2012 mto Yampa, unaopita katikati ya mji wa Steamboat Springs, uliposhuka mno, shirika moja lisilo la kibiashara lilikodi maji ya bwawa la Stagecoach, yakafunguliwa kidogokidogo kiangazi kizima. Miaka sita baadaye, mto huo uliokuwa ukijulikana kama mto usio na foleni ulipata wito wake wa kwanza.

Muswada wa kurefusha mikopo hiyo ulikwama mwaka 2019 na kupita mwaka 2020. Awali mkopo uliruhusiwa miaka mitatu katika kumi. Sasa ni mitano, bila kuzidi mitatu mfululizo, na unaweza kuhuishwa. Waliousitia hawakuwa maadui wa mto. Mkulima wa magharibi ameshaona mashamba yakinunuliwa na miji kwa ajili ya maji, ardhi ikaachwa na magugu, na duka la pembejeo likafungwa. Maji yakiondoka shambani, kwake si rahisi kutofautisha yaliyokwenda kwa samaki na yaliyokwenda Denver.

Bei ya tarehe kongwe

Mwisho wa mabishano hayo, kama yana mwisho, unaonekana kwenye korongo la Glenwood. Huko kuna mtambo mdogo wa umeme, Shoshone, wenye haki ya mwaka 1902 ya futi za ujazo 1,250 kwa sekunde, yaani zaidi ya lita 35,000 kila sekunde. Mtambo hauli maji. Huyazungusha na kuyarudisha yote mtoni. Ila ukitoa wito, wenye tarehe changa walioko juu, wakiwamo wanaoyavusha mlima kwenda mashariki, hulazimika kuyaacha yapite. Kwa zaidi ya karne moja kampuni ya umeme imeulinda mto Colorado bila kukusudia.

Mtambo umezeeka, na watu wa magharibi walianza kuuliza siku ukizimwa itakuwaje. Desemba 2023 walifikia makubaliano ya kuinunua haki hiyo kwa dola milioni 98.5, kwa mpango kwamba itumiwe pia na Bodi kuhifadhi maji ndani ya mto, mtambo uwepo usiwepo. Mwaka 2024 wabunge walitenga dola milioni 20 kusaidia. Mnunuzi ni Mamlaka ya Mto Colorado, iliyoshindwa kuwatetea samaki mwaka 1965 na kushindwa kuipinga haki ya mto mwaka 1979.

Sheria zetu zilichagua njia nyingine. Kenya mwaka 2002 na Tanzania mwaka 2009 ziliandika kwamba kabla ya kugawa vibali sharti itengwe akiba ya maji kwa mahitaji ya msingi ya watu na kwa uhai wa mto. Kwenye karatasi, mto umekaa mbele ya foleni. Lakini mto Ruaha Mkuu wa Tanzania, ulioanza kukatika kiangazi mwaka 1993 katikati ya hifadhi ya taifa, haukuokolewa na nafasi hiyo. Huko Colorado mto uliwekwa nyuma, ila foleni yao ina mtu anayepanda na mto kufunga malango. Nafasi ya nyuma inayolindwa, na nafasi ya mbele isiyo na mlinzi: ni vigumu kusema mto ungechagua ipi.

Wakulima wa St. Vrain waliona njia ya mkato, wakabomoa banio. Banio likarudi. Kampuni ya Left Hand ingali inavusha maji kilimani hadi leo, kwa tarehe zake za karne ya 19, na anayetaka maji yabaki mtoni hana budi kufanya kama walivyofanya watu wa magharibi: atafute mwenye tarehe ya zamani, na aje na fedha.