Nyoka mfalme wa milimani: anaishi wapi, hupatikanaje

Nyoka huyu wa magharibi mwa Marekani na kaskazini mwa Meksiko hana sumu. Tunamwita mfalme kwa sababu jamii yake hula hata nyoka wengine. Mwili wake una pete nyekundu, nyeusi na nyeupe.

Wa California ana pua nyeusi. Anapatikana California na Oregon, na kundi dogo lililojitenga liko jimbo la Washington. Wa Arizona ana pua nyeupe. Huishi kwenye milima yenye misonobari, katikati ya jangwa. Bondeni ni joto na pakavu mno, hivyo kila mlima ni kama kisiwa chake: akimalizwa hapo, si rahisi mwingine kuvuka jangwa kuja kushika nafasi yake.

Wanaomtafuta huchungulia nyufa za miamba, malundo ya mawe na chini ya magogo. Humo ndimo anamojificha wakati wa baridi. Lakini wapo wanaobandua miamba kwa mitaimbo ili wamkamate. Ufa ukishavunjwa haujengeki tena. Ukiinua jiwe, lirudishe lilivyokuwa. Ukimwona, mpige picha umwache.