Juu ya nini mbegu ingine inaota na ingine inabaki ndani ya udongo?

Mwezi wa tisa, mvua ikianza, wakulima wengi wa Kivu wanapanda mahindi na maharagi. Juma moja ao mbili zinapita, na shambani kunaonekana nafasi tupu. Watu wanasema mbegu ilikuwa mbovu. Mara nyingi ni kweli, lakini si kila mara: mbegu inaweza kuwa hai na bado imelala. Kinachoamua ni homoni, yaani vitu ambavyo mmea wenyewe unatengeneza, kwa kiasi kidogo sana, ili kuongoza ukuaji wake.

Homoni inayolaza

Mbegu inapokomaa juu ya mmea, asidi absisiki inaizuia isiote mapema. Bila kizuizi hicho, punje zinaweza kuota zingali kwenye gunzi. Ndiyo maana mpunga uliovunwa juzi, ao aina fulani za karanga, mara nyingi hauoti hata ukipewa maji. Unahitaji kukaa kavu kwa majuma kadhaa mpaka usingizi uishe.

Homoni inayoamsha

Maji yakiingia ndani ya mbegu, asidi absisiki inapungua na jiberelini inapata nguvu. Katika punje ya nafaka, jiberelini inatoka kwenye kiini na kuagiza ngozi ya ndani itengeneze vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari. Hiyo sukari ndiyo chakula cha mche mpaka majani yatoke. Wamama wanaotengeneza pombe ya mtama wanalijua jambo hili: mtama unaloweshwa uote kwanza, ndipo unakuwa mtamu.

Homoni hii iligunduliwa kupitia ugonjwa wa mpunga huko Japani. Mwaka 1926, Eiichi Kurosawa alionyesha kwamba kuvu fulani inatoa kitu kinachorefusha miche kupita kiasi.

Mzizi chini, shina juu

Hata mbegu ikianguka kichwa chini, mche haupotei njia. Homoni ya oksini inajikusanya upande wa chini. Kwenye shina inarefusha upande huo, na shina linapinda kwenda juu. Kwenye mzizi inauzuia, na mzizi unashuka. Udongo ukishikana, homoni ingine, etilini, inafanya shina liwe fupi na nene, na kichwa cha haragi kinabaki kimepinda ili kisiumie. Lakini akiba ya chakula ina mwisho: mbegu iliyozikwa chini sana inaishiwa nguvu kabla ya kuona jua.

Kabla ya kupanda

Mkulima hana haja ya kununua homoni. Mbegu hai inazo tayari. Kinachofaa ni kujaribu. Mbegu 100 zifungwe ndani ya kitambaa chenye unyevu, mahali pasipo baridi, kisha zihesabiwe baada ya siku 7. Zikiota 80 ao zaidi, ni nzuri. Zile zilizooza na kuwa laini zimekufa. Zilizobaki ngumu huenda zimelala: mfuko huo ukae kavu kwanza, halafu ujaribiwe tena. Ni heri kupoteza punje 100 nyumbani kuliko msimu mzima shambani.