Bwana, Mke na Mizani ya Mauaji katika Sheria ya Uingereza

Aghalabu wachunguzi wa mauaji huanza na hesabu, nayo hesabu huonyesha kwamba wanaouawa zaidi ni wanaume. Kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, mwaka 2017 watu wapatao 464,000 waliuawa duniani, mbali na waliokufa vitani. Wanawake kati yao walikuwa 87,000. Lakini katika hao 87,000, kiasi cha 50,000 waliuawa na waume, wapenzi au jamaa zao. Tofauti hiyo haielezeki kwa tarakimu pekee. Yafaa kutazama cheo ambacho sheria ilimpa mwanamke humo humo nyumbani.

Uingereza yatoa mfano ulio wazi. Sheria ya mwaka 1352, zama za Edward III, ilitambua, kando ya uhaini wa kumwasi mfalme, uhaini mdogo wa namna tatu: mtumishi kumwua bwana wake, kasisi kumwua mkuu wake wa kanisa, na mke kumwua mumewe. Mume aliyemwua mkewe hakuwa mhaini. Alikuwa mwuaji kama wauaji wengine, akanyongwa. Mke alichomwa moto. Ndivyo alivyouawa Catherine Hayes huko Tyburn, London, mwaka 1726. Adhabu ya moto ilifutwa mwaka 1790, na uhaini mdogo wenyewe mwaka 1828.

Mwanaisimu hawezi kuipita lugha ya mambo haya. Katika Kifaransa cha mahakama zao, wanasheria wa Kiingereza walimwita mume 'baron', yaani mkuu mwenye watu chini yake. Mke alikuwa 'feme', mwanamke basi. Msemaji wa Kiswahili hana la kuwacheka, maana kwake 'bwana' ni mwenye mtumwa, ni Mola, na ni mume pia. Hata hivyo neno peke yake halimchomi mtu. Kilichomchoma mke wa Kiingereza ni kulifanya neno hilo kuwa kanuni: aliyemwua mume alihesabiwa kuwa ameasi utawala.

Kanuni hiyo ilikuwa na upande wa pili, nao ulidumu zaidi. Mwaka 1707 Jaji Holt alieleza kwamba mume anayemfumania mwanamume na mkewe, akamwua papo hapo, hana hatia ya mauaji kamili, kwa kuwa uzinzi ni uvamizi mkubwa kabisa wa mali. Mali hiyo ni mke! Baadaye utetezi wa kuchokozwa uliwafaa hata waume waliowaua wake wenyewe. Huko England na Wales ulifutwa kwa sheria ya mwaka 2009, iliyoanza kutumika 2010.