Ufu wa Mfupa, Si Uozo

Katika orodha moja ya istilahi wanayogawiwa watunza kumbukumbu za hospitali, kundi la magonjwa lenye msimbo M87 limefasiriwa "uozo wa mfupa usio na vijidudu". Fasiri hiyo inajipinga yenyewe. Kuoza ni kazi ya vijidudu. Visipokuwapo, kitu hukauka, husinyaa, hupasuka, lakini hakiozi. Kamati iliyopitisha maneno hayo ilikuwa na madaktari na ilikuwa na wanaisimu. Sijui walikuwa wakizungumza nini.

Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa wenyewe, toleo la 10 lililoidhinishwa mwaka 1990, umetenganisha mambo haya kwa makusudi. M86 ni maambukizi ya mfupa, yale ya homa na usaha. M87 ni mfupa uliokatikiwa damu ukafa. Toleo la 11, lililoanza kutumika Januari 2022, limeendeleza utengano huohuo. Anayeita M87 uozo anabomoa ukuta uliojengwa ili mganga asikosee. Na kwetu ukuta huo una thamani kubwa, kwa sababu ya seli mundu. Chembe za damu zilizopinda huziba vijishipa na mfupa ukafa. Tena mgonjwa huyohuyo ni mwepesi wa kupata maambukizi ya mfupa, hasa ya salmonela. Maambukizi hutaka antibiotiki kwa majuma mengi. Mfupa uliokosa damu hauponi kwa antibiotiki hata ukipewa za mwaka mzima.

Neno ninalolitetea ni ufu. Sikulibuni, limo katika kamusi zetu, likiwa na maana ya hali ya kufa. Mzizi wake ni wa kale kuliko miji yetu ya pwani. Wanaisimu hukisia kwamba katika Kibantu cha awali kufa kulisemwa kwa mzizi -ku-, na Kikuyu kimeihifadhi k hiyo mpaka leo katika gũkua. Kiswahili, Kiganda, Kishona na Kizulu vimeigeuza kuwa f, tukapata kufa. Sauti hiyohiyo ndiyo iliyozaa f ya mfupa, neno ambalo asili yake hukisiwa kuwa -kupa. Simaanishi kwamba kufa na mfupa ni mzizi mmoja. Ninasema kwamba maneno haya mawili yamepita njia moja ya sauti, na yakiwekwa pamoja, ufu wa mfupa, sikio la Mswahili halioni ugeni wowote.

Tazama pia familia ya neno lenyewe: mfu, wafu, ufu, fufua, fufuka, ufufuo. Ufu umeundwa na mfu kama upofu ulivyoundwa na kipofu na ububu na bubu, kwa kanuni ambayo hata mtoto wa shule anaijua. Nao wavuvi wametuachia ushahidi ambao kamati haikuuliza: maji mafu, kinyume cha bamvua. Maji mafu hayanuki wala hayajaharibika. Yamepungukiwa na nguvu ya kujaa na kupwa. Maana hiyo ya kupungukiwa na mwendo ndiyo tunayoihitaji kwa mfupa ambao damu imeacha kuufikia.

Wako wanaotaka tuseme nekrosisi na tumalize. Nekros ya Wagiriki ni maiti. Kwa hiyo Mgiriki naye alichukua neno lake la kifo, la nyumbani, akalipa kazi ya tiba. Kwa nini lililo halali kwake liwe mwiko kwetu? Wengine wamesema mbele yangu kwamba ufu unanuka kaburi na utamtisha mgonjwa. Basi na aulizwe mgonjwa lipi linamtisha: kuambiwa sehemu ya mfupa imekufa, au kuambiwa mfupa wake umeoza? Anayesikia umeoza huanza kuwaza msumeno. Hoja hizi niliziandika kikamilifu na kuziwasilisha panapohusika. Jibu nililopata lilikuwa mstari mmoja usio na hoja hata moja, na sioni haya kusema kwamba liliniuma.

Kosa la pili la orodha hiyo ni kuandika "mkono" palipotakiwa kigasha. Mkono wetu huanzia begani na kuishia kwenye ncha za vidole, ilhali tarakimu 3, kati ya zile zinazoongezwa kwenye msimbo kuonyesha mahali pa ugonjwa katika uainishaji wa kimataifa, hutaja mifupa miwili iliyo kati ya kiwiko na kiganja pamoja na kiungo cha kifundo tu. Vijifupa vya kifundo vimewekwa pamoja na kiganja, kwenye tarakimu 4. Wamarekani, katika toleo lao wanalotumia tangu Oktoba 2015, katika M87 wamevihamishia vijifupa hivyo kundi moja na mifupa ya kigasha. Ikiwa mataifa yanatofautiana kuhusu mpaka wa sehemu ndogo kiasi hicho, sisi tunawezaje kuifunika yote kwa neno mkono, huku kigasha kikiwa neno letu, fupi na lisilo na utata?

Katika matumizi, basi, andika: ufu wa mfupa wa kigasha cha kulia, upande wa kidole gumba, baada ya jeraha, kwa Wamarekani ni M87.231. Ukitokana na dawa, M87.1, ukitokana na seli mundu, M90.4 katika toleo la kimataifa, pamoja na msimbo wa seli mundu wenyewe.

Seli mundu lilipata nafasi yake kwa sababu wauguzi na wazazi walilitamka, na jina la chombo cha mkulima likabeba maana ya kitabibu bila kuyumba. Ufu unastahili nafasi hiyohiyo. Watunza kumbukumbu wasingoje muhuri wa mtu: waandike ufu wa mfupa kwenye majalada kuanzia sasa, na orodha itakapochapishwa upya, neno uozo lifutwe kwenye M87 yote.